Kumbukumbu ya Kifaa Kidogo Igawanywe Kabla ya Kazi Kuanza

Chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki jirani na soko la Deep Sea, hapa Tanga, hakihitaji kompyuta kubwa ili kimjulishe mwenye mali kwamba joto limeanza kupanda. Kinachohitajika ni kihisi cha joto, swichi ya mlango, moduli ya simu yenye laini yake, na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, ya bei nafuu kama ATmega328P, ile ile iliyomo katika bodi ya Arduino Uno. Chipu hiyo ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu, yaani baiti 2,048, za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Namna baiti hizo 2,048 zinavyogawanywa ndiyo sehemu ya programu inayostahili kufikiriwa kwanza. Ninaamini pia kwamba lugha ya kiobjekti kama C++, ambamo data na kazi zake hufungwa pamoja katika objekti zinazoundwa kwa ramani iitwayo klasi, inaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko inavyodhaniwa na wengi, ilimradi mgawanyo wote ukamilike kabla kifaa hakijaanza shughuli zake za kila siku.

Mjadala wa jambo hili kwa kawaida huwa na pande mbili. Upande mmoja wapo mafundi wenye uzoefu, waliolelewa na lugha ya C, ambao humwambia kijana anayeanza kwamba klasi na objekti ni anasa za kompyuta za mezani na hazina nafasi kwenye chipu ndogo. Upande wa pili wapo wahitimu waliojifunza kuandika programu kwa Java au Python, ambamo objekti huzalishwa bila hesabu kwa kuwa upo mfumo unaopita nyuma yao na kuzoa zile zisizotumika tena. Wakihamia C++ huendelea na mazoea yale yale, ilhali sasa hakuna anayepita nyuma yao. Pande hizi hazipatani, lakini zina dhana moja ya pamoja, nayo ndiyo kiini cha tatizo: zote mbili zinachukulia kwamba objekti ni lazima izaliwe wakati kifaa kinafanya kazi. Sivyo. Bjarne Stroustrup, mbunifu wa C++, alipoanza mwaka 1979 kuiongezea C klasi katika maabara za Bell, alikuwa tayari ameona jinsi Simula, lugha aliyoipenda kwa klasi zake, ilivyolemewa na uzoaji wa kumbukumbu. Ndiyo maana katika C++ objekti inaweza kukaa popote kigeu cha kawaida kinapoweza kukaa, na hakuna kinacholazimisha iombewe nafasi mpya kila mara.

Mpangilio wa kumbukumbu ya ATmega328P ni rahisi kueleza. Chini hukaa data za kudumu, yaani vigeu na objekti ambazo ukubwa wake kompaila, ile inayogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya chipu, inaujua kabla programu haijapakiwa. Juu yake huanza hipu, eneo ambalo programu hukata vipande kila inapohitaji na kuvirudisha inapomaliza, nalo hukua kuelekea juu. Kutoka kilele cha kumbukumbu huteremka staki, ambako kila fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, inapoitwa huweka vigeu vyake vya muda na anwani ya kurudia. Hipu inapanda, staki inashuka, na katikati hakuna ukuta. Kompyuta ya ofisini ina maunzi yanayoizuia programu kugusa pasipo pake. Chipu hii haina. Staki ikishuka hadi ndani ya hipu hakutokei ujumbe wa kosa wala taa haiwaki. Namba ya simu ya mwenye samaki inaweza tu kugeuka herufi zisizosomeka, au fanksheni ikamaliza kazi yake na kurudi mahali pasipo na programu yoyote.

Tuuangalie kwa karibu ujumbe wenyewe. Mwandishi wa programu anataka kutuma maneno kama “Joto -17.5 C, mlango umefungwa, umeme upo”. Njia inayoonyeshwa na mifano mingi ya Arduino ni kutumia klasi ya String: unaanza na neno “Joto”, unajumlisha namba, unajumlisha hali ya mlango, kisha hali ya umeme. Mstari huo unasomeka vizuri sana. Chini yake, hata hivyo, kila kujumlisha kunaweza kudai kipande kikubwa zaidi cha hipu, na kama nafasi ya jirani imekaliwa, maandishi yote hunakiliwa kwenda penye nafasi, huku kipande cha zamani kikiachwa wazi. Wakati huo huo moduli ya simu inatoa majibu yake, nayo yanawekwa katika String nyingine inayodumu kidogo zaidi na kukaa katikati ya eneo lililokuwa limefunguka. Ujumbe wa kwanza hauleti shida, wala wa mia. Baada ya muda hipu huwa kama gati ambalo madau yamefungwa bila mpango: ukijumlisha mapengo yote unapata urefu wa kutosha jahazi, lakini hakuna pengo hata moja linaloweza kulipokea. Tuseme baiti 600 ziko wazi, ila kipande kirefu kuliko vyote kina baiti 140. Ujumbe wa simu wa herufi 160, pamoja na baiti moja ya kufungia maandishi, unataka baiti 161 zinazofuatana, na hazipo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini programu isivisogeze vilivyomo ili nafasi ikusanyike pamoja. Mifumo mingi ya Java hufanya hivyo hasa, kwa kuwa inajua kila mahali panapoitaja objekti fulani na inaweza kuparekebisha. Katika C++ pointa ni anwani tupu. Ukiihamisha objekti, kila pointa iliyokuwa ikiielekea inabaki ikielekea mahali pa zamani. Wala haisaidii kutafuta kanuni ya kugawa iliyo na akili zaidi. Mtaalamu wa kompyuta J. M. Robson alithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba hata kanuni iliyo bora kuliko zote, ikikutana na mfuatano mbaya wa maombi, itahitaji kumbukumbu nyingi kuliko jumla ya zile zinazotumika kwa wakati mmoja. Mmegeko huu, yaani nafasi iliyo wazi kukatika vipande vidogo vidogo, hauondolewi kwa ustadi wa mwandishi wa hipu. Unaondolewa kwa kutoiomba hipu chochote.

Linaloudhi zaidi ni namna kosa hilo linavyojitokeza. Klasi ya String ya Arduino ikinyimwa nafasi haisimamishi programu. Kutegemea namna ulivyoandika mstari wako, kipande ulichotaka kuongeza kinaachwa, au maandishi yote yanabaki matupu. Mwenye samaki anapokea ujumbe usio na namba ya joto, anadhani ni mtandao wa simu, na hampigii fundi.

Hapa lipo jambo linalotuhusu sisi kuliko wenzetu wa nchi ambazo umeme haukatiki. Kifaa kinachotegemea umeme wa ukutani, mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, huanza upya kila unaporudi, na kila kikianza upya hipu inakuwa safi kabisa. Mmegeko unaokua polepole haupati nafasi ya kukomaa. Kifaa kinasifiwa kwa uimara. Kisha mwenye chumba ananunua betri, kwa sababu ya haki kabisa kwamba onyo la joto linahitajika zaidi wakati umeme haupo, na kwa mara ya kwanza programu inafanya kazi mfululizo kwa wiki nyingi bila kukatizwa. Ndipo jumbe tupu zinapoanza. Betri inalaumiwa, inabadilishwa, na kwa kuwa kuibadilisha kulilazimu kifaa kizimwe, tatizo linatoweka kwa muda, na kila mtu anaamini kwamba lawama ilikuwa ya haki. Fundi anayejaribu kifaa mezani kwa siku mbili au tatu hawezi kuliona hili. Kwa maoni yangu hii peke yake ni sababu ya kutosha kwa karakana zetu kuacha kabisa hipu katika vifaa vinavyokaa kazini bila mtu.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kukiamuru kifaa kijizime na kujiwasha kila usiku. Naelewa mvuto wa jibu hilo, na sipingi matumizi ya taimer ya ulinzi inayokiamsha kifaa kilichoganda. Kila kifaa kinachofungwa mbali na fundi kinapaswa kuwa nayo. Lakini taimer hiyo imewekwa kwa ajili ya lile tusiloweza kulitabiri, na mmegeko tunautabiri vizuri. Isitoshe, kifaa kikianza upya kinasahau kwamba mlango umekuwa wazi kwa dakika 25, na moduli ya simu inalazimika kujisajili upya kwenye mtandao katika muda ambao pengine ndio uliokuwa wa hatari. Kuanza upya nako hakuhakikishi uponyaji. Gari la utafiti la Spirit la NASA lilitua kwenye sayari ya Mirihi mwanzoni mwa Januari 2004, na tarehe 21 ya mwezi huo mawasiliano yake yakavurugika. Orodha ya mafaili yaliyorundikana katika hifadhi yake ilihitaji kumbukumbu ya kazi zaidi ya iliyotengwa. Ombi la kumbukumbu likakataliwa, kompyuta ikajianzisha upya, na katika kuanza upya ikajaribu kuipakia orodha ile ile na kushindwa tena, mara kwa mara, huku ikikosa usingizi wa kuokoa betri. Wahandisi waliliponya kwa kuliamuru liamke bila kutumia hifadhi hiyo, wakafuta mafaili, nalo likaendelea na kazi hadi mwaka 2010. Kosa halikuwa la lugha ya programu. Kilichokosewa ni kuacha ukubwa wa kitu fulani uamuliwe na matukio.

Wanaoandika programu za vyombo vinavyobeba uhai wa watu walishalikata shauri hili. Kanuni za C++ za mradi wa ndege ya kivita F-35, zilizochapishwa mwaka 2005, zinakataza kuomba na kurudisha kumbukumbu ya hipu baada ya hatua ya maandalizi kukamilika. Gerard Holzmann wa JPL, maabara ya NASA, aliweka sharti la namna hiyo katika kanuni zake 10 za mwaka 2006. Neno la kuzingatia ni “baada ya maandalizi”. Kuomba kumbukumbu mara moja kifaa kinapoamka, kisha kutoirudisha kamwe, hakuleti mmegeko wowote. FreeRTOS, mfumo unaotumika sana katika chipu ndogo, una hata aina ya hipu iitwayo heap_1 ambayo inagawa tu na haina njia ya kurudisha, na kwa kifaa cha chumba cha baridi hiyo inatosha.

Sasa objekti zinafaa nini katika mpango wa namna hii? Zinafaa sana, na hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wa C. Chukua moduli ya simu, ambayo hula umeme mwingi inapotuma. Fanksheni ya kutuma ina njia nyingi za kutokea: laini haina salio, mtandao haupo, moduli haijibu, ujumbe umefika. Katika C ni lazima fundi akumbuke kuizima moduli katika kila mojawapo ya njia hizo, na siku moja ataisahau moja. Katika C++ unaandika klasi ndogo ambayo konstrakta yake, fanksheni inayoitwa objekti inapozaliwa, inaiwasha moduli na destrakta yake, inayoitwa objekti inapokufa, inaizima. Ukitangaza objekti ya klasi hiyo ndani ya fanksheni, moduli itazimwa fanksheni ikiisha kwa njia yoyote ile. Objekti hiyo inaishi kwenye staki, mara nyingi haichukui hata baiti tano, na haigusi hipu. Mbinu hiyo hiyo inafaa kwa kusimamisha interapti, yaani ishara zinazoikatiza programu ili ishughulikie tukio, na kuziruhusu tena, kazi ambayo ukiisahau mara moja kifaa kinakuwa kiziwi.

Templeti, yaani vielelezo vya klasi au fanksheni ambavyo kompaila hujaza aina na ukubwa unaotajwa, nazo zimesingiziwa mengi. Katika miaka ya 1990 kampuni za Japani zilibuni C++ iliyopunguzwa kwa ajili ya mifumo pachikwa, na miongoni mwa vilivyotupwa zilikuwamo templeti. Naona walikata pasipostahili. Foleni iliyoandikwa kwa templeti, ambayo aina ya kinachohifadhiwa na idadi ya nafasi zake vinatajwa wakati wa kuitangaza, ina ukubwa unaojulikana kwa kompaila hadi baiti ya mwisho, na ikizidi uwezo wa chipu tutajua tukiwa bado mezani. Fanksheni pepe, ambazo klasi iliyorithi inaweza kuziandika upya, zina gharama, lakini gharama yenyewe inahesabika: pointa moja ndani ya kila objekti, baiti 2 kwenye chipu za AVR, familia ya ATmega328P, na 4 kwenye zile za biti 32, pamoja na jedwali moja kwa kila klasi. Kwenye ATmega328P jedwali hilo hunakiliwa katika kumbukumbu ya kazi, jambo ambalo wengi hawalijui, sawasawa na maneno yote yaliyoandikwa ndani ya alama za kunukuu ambayo fundi hakuyafunga kwa F ili yabaki katika hifadhi ya programu. Tahadhari ya kweli ni kuhusu objekti za kudumu zilizotawanyika katika faili mbalimbali, kwa kuwa lugha haiahidi konstrakta ipi itatangulia. Basi konstrakta zishike namba za pini tu, na kuigusa maunzi kuachiwe fanksheni ya kuanzisha inayoitwa kwa mpangilio maalumu.

Turudi kwenye ujumbe wetu. Tukitenga safu moja ya kudumu yenye baiti 161 tumetumia karibu asilimia 8 ya kumbukumbu yote, na haitaongezeka kamwe. Mtandao ukikosekana, hata hivyo, jumbe lazima zisubiri, na foleni ya jumbe 4 zilizokwisha kuandikwa ingekula baiti 644, karibu theluthi ya chipu. Mawazo ya kiobjekti yanasaidia hapa kwa namna ambayo haihusu sintaksia, yaani kanuni za uandishi wa lugha, hata kidogo. Kinachostahili kuhifadhiwa ni kipimo, na maandishi ni sura yake tu wakati wa kutuma. Joto likiwekwa kama namba kamili ya sehemu za kumi za nyuzi, -175 kwa -17.5, linatosha katika baiti 2. Muda unachukua 4. Mlango na umeme vinagawana moja. Vipimo 40 vya namna hiyo ni baiti 280, na vyote vinatumia safu ile ile moja ya maandishi zamu kwa zamu.

Kisha linakuja swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Foleni ya nafasi 40 ikijaa, kipimo cha 41 kifanywe nini? Anayetumia hipu huwa hajiulizi, kwa kuwa hipu inaonekana kama haina mwisho, hadi siku inapomjibu yenyewe kwa kuharibu kitu asichokichagua. Anayetenga nafasi mapema analazimika kuamua, na uamuzi huo haumo katika vitabu vya programu. Umo kwa mwenye samaki. Kufuta vya zamani, kama baadhi ya foleni zifanyavyo, kunapoteza kipimo cha kwanza kilichovuka mpaka, ambacho ndicho kinachomwambia samaki wamekaa katika joto kwa muda gani. Kukataa vipya kunamwacha asijue hali ya sasa. Jawabu ninaloliona la haki ni kukilinda cha kwanza na cha mwisho, na kuvipunguza vya katikati kwa kuruka kimoja kimoja. Klasi ya foleni yenye kanuni hiyo ndani yake ni fupi, inasomeka, na fundi anaweza kukaa na mwenye mali na kumweleza kitakachotokea mtandao ukipotea usiku kucha.

Najua chipu zinazidi kuwa kubwa. ESP32, chipu yenye Wi-Fi ndani yake, ina kilobaiti 520 za kumbukumbu ya kazi, na kijana anayeizoea anaweza kuona hesabu zangu za baiti mbili mbili kuwa za enzi iliyopita. Lakini kifaa chenye Wi-Fi hutaka kuzungumza na seva kwa njia salama, na rekodi moja, yaani kifurushi kimoja cha data, ya TLS, itifaki ya usalama huo, inaweza kufikia baiti 16,384, zinazotakiwa zikiwa pamoja. Kumbukumbu kubwa iliyomegeka inashindwa kwa namna ile ile, ila inachelewa zaidi, na kosa linalochelewa ni gumu zaidi kulikamata. Na anayedhani kwamba lugha ya kiobjekti haiwezi kuishi kwa nidhamu hii aitazame laini iliyomo katika simu yake: kadi nyingi za namna hiyo zinaendesha Java Card, Java iliyopunguzwa tangu mwaka 1996, ambamo uzoaji wa objekti si wa lazima, na desturi ya waandishi wake ni kuunda kila objekti wakati programu inasakinishwa na kuzitumia hizo hizo hadi kadi itupwe.

Kwa walimu na wenye karakana hapa Tanga na wilaya za jirani, Muheza, Pangani na Mkinga, ambako kifaa kikishafungwa kukirudia kunagharimu nauli na siku nzima, ningependa kipimo kimoja kiwe sehemu ya kila kazi. Data za kudumu kompaila inazitaja yenyewe. Kinachobaki hakijulikani ni kina cha staki. Kifaa kinapoamka, programu ijaze eneo lote lililo wazi kwa baiti ya namna moja, kwa mfano 0xC5, kisha kila siku ihesabu baiti ngapi bado hazijaguswa. Idadi hiyo iongezwe mwishoni mwa ujumbe wa kila asubuhi, baada ya joto na hali ya mlango, kwa tarakimu tatu. Mwenye samaki hana haja ya kuzielewa. Fundi anayepokea nakala ya ujumbe huo akiziona zimeshuka kutoka 420 hadi 90 baada ya kuongeza kipengele kipya, atajua ipo fanksheni iliyotangaza safu kubwa mahali pasipofaa, na ataitafuta wakati kifaa bado kinatuma.